Fundi wa Ngamiani aliyeirudisha Word yangu bila kupiga Windows upya

Mafundi kompyuta Tanga hawapungui, ila wengi wao wana dawa moja kwa kila ugonjwa: "Tupige Windows upya, mama," yaani kufuta mfumo wa kompyuta na kuuweka upya. Printa haisomi, tupige Windows. Sauti haitoki, tupige Windows. Ndiyo maana nimeona huyu mwenye kibanda Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, astahili kuandikiwa maneno mawili matatu.

Mimi nina steshenari Makorora. Fotokopi, barua za kuombea kazi, mikataba ya pango, kadi za mialiko, ripoti za fildi za wanafunzi. Mashine ikisimama, nami nimekaa. Kompyuta ilikuwa imeanza uzito, nikamwita kijana mmoja aje aisafishe (simtaji, bado tunasalimiana njiani). Akaja na flashi yake, akaweka programu ya kusafishia, ikatoa orodha ndefu ya "makosa" ya kwenye rejista. Programu ikamuuliza kama aweke nakala kwanza, akakataa, akabonyeza futa yote. Na kweli, mashine ikawa inawaka upesi. Nikamlipa, akaenda zake.

Kufungua Word, ujumbe wa Kiingereza: programu imepata hitilafu, itabidi ifungwe, je, irekebishwe? Ukikubali inazunguka weee, kisha inarudi palepale. Excel vilevile. Mafaili ya wateja nayo yamegeuka vikaratasi vyeupe, ukibofya moja kompyuta inakuuliza ulifungue kwa programu gani. Na mteja wa mkataba yuko kwenye benchi, ananitazama. Nilipompigia yule kijana alijibu nini? Leta, tupige Windows.

Huyu wa Ngamiani hakukimbilia kuwasha mashine. "Shikamoo mama. Kabla haijagoma, ilifanyiwa nini?" Swali hilo tu lilinifanya nivute kigoda nikae.

Maelezo yake nayaandika nilivyoyaelewa. Rejista ndimo Windows inamoweka taarifa za kila programu: imekaa wapi, na faili la aina gani lifunguliwe na programu ipi. Office, yaani ule mkusanyiko wa Microsoft wenye Word na Excel, ina taarifa nyingi mno humo. Programu ya kusafishia hukisia zipi hazina kazi, na ikikosea inafuta zinazohitajika. Microsoft wenyewe wamesema wazi kwamba hawaungi mkono programu za kusafisha rejista. Na ule wepesi niliousifia? Akasema umetokana na kuzima programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta, jambo ambalo lafanyika bila kugusa rejista hata kidogo.

Akatafuta ile nakala ya rejista ingawa nilishamwambia haipo. Akaangalia kama Windows ina tarehe ya nyuma ya kurudi, akakuta huduma hiyo imezimwa, jambo la kawaida kwenye Windows 10. Ndipo akaingia Control Panel, kwenye orodha ya programu, akachagua Office, kisha Change. Hapo zipo njia mbili za kuitengeneza. Quick Repair haihitaji intaneti na huisha mapema. Akaijaribu, Word ikagoma tena. Online Repair huishusha Office yote upya, kwa hiyo inakula bando la kutosha na muda wa kutosha.

Kabla ya kuibonyeza hiyo ya pili alifanya jambo ambalo sijawahi kuona fundi akilifanya. Barua na mikataba yangu alinakili kwenye diski yake, hilo wengi hufanya. Kisha akafungua folda zilizofichwa, akachukua faili liitwalo Normal.dotm, ambamo Word huweka mwandiko na vipimo vya ukurasa nilivyozoea, na lingine la Custom.dic. Hilo la pili akalifungua nione. Lo! Maneno yangu yote ya miaka, yale ninayoyaongeza ili Word isinipigie mistari myekundu: mpangishaji, mwenyekiti, majina ya mitaa, majina ya ukoo ya wateja. "Haya huwa yanabaki mama, ila mimi simwamini mtu." Nikacheka.

Online Repair ikachukua muda, nikaenda sokoni nikarudi, bado. Alitumia intaneti yake, hakunidai bando. Ilipomaliza ikataka ithibitishwe tena, ikabidi nikumbuke barua pepe niliyoinunulia Office. Wewe nenda nayo imeandikwa. Word ikafunguka, mafaili yakarudisha alama zake, maneno yangu yapo. Akanitoza shilingi 15,000.

Aliniambia pia, bila kuniuzia kitu, kwamba Office yangu ya 2016 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Itaendelea kufanya kazi ila haipati tena marekebisho ya usalama. Akanionyesha LibreOffice, programu nyingine ya kazi kama za Office, ya bure na halali. Nimeijaribu: barua inafungua vizuri, majedwali yangu ya bei yanahama mistari. Kwa sasa nabaki nilipo. Wenye Office za zamani zaidi, kama ya 2010, aliwaonya wasifute folda ya Installer iliyo ndani ya Windows ili kupata nafasi, maana mafaili yaliyomo ndiyo yanayotumika Office ikitaka kutengenezwa au hata kuondolewa.

Kasoro anazo. Kibanda ni kidogo, joto lake si la mchezo, feni imeelekezwa kwenye mashine na wateja tunajipepea kwa karatasi. Risiti hana, nililazimika kumwandikia mwenyewe akasaini. Simu anapokea katikati ya kazi, na Ijumaa akifunga kwa swala usimtegemee mpaka alasiri. Akikwambia "nipe saa moja", wewe fanya mipango ya siku nzima.

Printa hagusi kabisa. Nilimpelekea yangu inayokwaruza karatasi, akanielekeza kwa mwenzake barabara ya pili, ambaye sijamwona bado.