DeepStateMap: miaka mitatu na zaidi naifungua hii ramani ya vita ya Ukraine kila asubuhi, maoni yangu haya hapa

Wadau, itakua ndefu kidogo maana hiki kitu nakitumia kila siku ya Mungu na sijawahi kukaa nikasema nakionaje.

Nianze na usiku wa Novemba 15, 2022 maana ndo ulionifikisha hapa. Nilikua nafuata vita kwa chaneli moja ya Telegram, jina siitaji, ile ya kupiga kelele muda wote, kila apdeti ni DHARURA kwa herufi kubwa. Usiku ule kombora likaangukia kijiji cha Przewodów ndani ya Poland karibu na mpaka wa Ukraine, watu wawili wakafa, na ile chaneli ikaandika bila hata kusita kwamba Urusi imeipiga NATO. Mi nikaituma ile meseji kwa watu wangu wote, ikiwemo mjomba wangu ambae alitumikia jeshi mpaka akastaafu. Akapiga simu saa hiyohiyo, anaongea taratibu kama kawaida yake: "Mpwa wangu, umeona kombora au umeona maandishi?" Nikamwambia mjomba shikamoo, lakini hii ni habari kubwa. Akasema marahaba, basi subiri asubuhi. Kesho yake rais wa Poland na katibu mkuu wa NATO wote wakasema kuna uwezekano mkubwa lilikua kombora la ulinzi wa anga la Ukraine yenyewe, lilirushwa kuzuia makombora ya Urusi ambayo siku ile yalinyesha nchi nzima. Ile chaneli ikafuta meseji yake kimyakimya, hakuna samahani hakuna marekebisho. Nikajitoa. Nikaanza kutafuta kitu ambacho hakina haraka, ndo nikaangukia DeepState.

Kwa ambae hajawahi kuiona, ni ramani inayofunguka kwenye brauza, bure, ina lugha ya Kiukraine na Kiingereza. Waanzilishi ni vijana wa Kiukraine, Roman Pohorilyi na Ruslan Mykula, na ilikuja kujulikana dunia nzima baada ya Urusi kuvamia kwa nguvu zote Februari 24, 2022. Wanakusanya video, wanazilinganisha na picha za satelaiti mpaka wajue ni kona gani ya barabara gani, na wanaongea na wanajeshi walioko mstari wa mbele. Nyekundu ni ardhi iliyoshikwa na Urusi, kijani ni iliyokombolewa. Alafu kuna kijivu.

Kiukweli naipenda hii ramani kwa sababu ya kile kijivu. Kijivu maana yake hapa hatujajua, au hapa hakuna mwenye uhakika wa kukaa. Mwanzo kilikua kinanikera, nilitaka nijue SASA HIVI kijiji ni cha nani, lakini baada ya miezi kadhaa nikaelewa kwamba mtu anaekupa kijivu anakuheshimu, anakwambia nimefika mwisho wa ninachokijua, wakati yule wa DHARURA alikua anajaza nafasi na chochote kile ili mradi nisitoke kwenye chaneli yake.

Na kijivu chenyewe kimekua kikubwa kadri vita inavyobadilika, hii lazima niielezee maana watu wengi wanabishana na ramani bila kujua vita ya sasa inaendaje. Mwaka 2022 kulikua na mahandaki, vifaru, mstari unaoeleweka. Sasa hivi droni ndogo zile zinazoongozwa kwa kamera zinaua kitu chochote kinachotembea kilometa nyingi kila upande wa mstari, kwaiyo hakuna anaeweza kukusanya vifaru 50 akaenda navyo mbele wazi mchana. Warusi wanatuma watu wawili, watatu, kwa miguu au pikipiki, wanapenya katikati ya vituo vya Waukraine ambavyo viko mbalimbali maana askari ni wachache, wanajificha chini ya nyumba iliyobomoka wanasubiri wenzao. Sasa niambie, kijiji chenye Warusi watatu nyumba hii na Waukraine wanne nyumba ile, na wote wanaletewa maji na chakula na droni, hicho utakipaka rangi gani?

Agosti 2025 ndo niliiona kazi yao ilivyo ngumu. Siku chache kabla Trump na Putin hawajakutana Anchorage kule Alaska tarehe 15, ramani ikaanza kuota kitu kama masikio mawili marefu kaskazini mwa mji wa Pokrovsk, mashariki mwa Ukraine, kuelekea mji wa Dobropillia, kilometa kama 10 za kupenya kwa siku chache. Jeshi la Ukraine likasema hizo ni vikundi vidogo, si kushika ardhi. Nilibishana na watu wiki nzima, mmoja anasema mstari umekatika kwisha habari, mwingine anasema ni propaganda. Nikaja kuona kwamba jeshi na ramani wote walikua wanasema kweli kwa namna yao, wale Warusi walikuwepo pale na ilikua hatari kubwa, lakini kuwepo si kushika, na baada ya Ukraine kupeleka vikosi vyake vya nguvu ikiwemo Azov yale masikio yakaanza kukatwa. Kilichonigusa ni kwamba vijana wa DeepState ni Waukraine, ndugu zao wako kule, na bado waliichora habari mbaya kabla wakubwa wao hawajaikubali, na lawama walizipata.

Linganisha na Kupiansk, mji wa mkoa wa Kharkiv mashariki mwa Ukraine. Novemba 2025 Gerasimov, mkuu wa majeshi ya Urusi, akamripoti Putin kwamba mji umeshachukuliwa. Ramani haikukubali, rangi za mji zikabaki zimechanganyikana. Desemba 12 rais wa Ukraine, Zelensky, akatoa video amesimama pale kwenye alama ya kuingilia mji. Mi mtu akinambia ramani zote ni sawa namwambia akaangalie hizo wiki tatu.

Ila kuna upande ambao lazima uujue kabla hujaiamini moja kwa moja. Ukraine ikisonga mbele, ramani inachelewa makusudi. Wanakaa kimya mpaka askari wawe salama, na ndo utaratibu wa nchi nzima, Juni 2023 kabla ya mashambulizi ya kiangazi wizara ya ulinzi ilitoa hata video ya wanajeshi wameweka kidole mdomoni kuomba watu wanyamaze. Kwaiyo nyekundu ikiongezeka utaiona mapema kuliko kijani, na ukiangalia siku moja tu bila kujua hili utadhani upande mmoja tu ndo unaotembea. Mi nimelikubali hili kwa moyo wote, kama kuchelewa kwangu kujua kunamwacha kijana mmoja hai basi nicheleweshwe hata mwezi.

Sasa nije kwenye kitu ambacho sikutegemea ramani ingenisaidia, ule mjadala wa Marekani kujizuia kwenye kuipa Ukraine silaha. Mi na mjomba tumebishana hili tangu 2022. Yeye anaamini Marekani ilikua sahihi kutoa silaha kidogokidogo na kuweka masharti, maana anaepigana na nchi yenye nyuklia hatakiwi kuona aibu kwenda polepole. Mi nilikua naona ni kuwafunga watu mikono wakati wanapigwa. Tulikua tunarushiana maneno tu, uoga, ujasiri, heshima, mpaka siku moja nikamfungulia ramani na kile kifaa cha kupima umbali.

Tukapima. Vovchansk, mji mdogo wa Ukraine, iko kilometa chache tu kutoka mpaka wa Urusi, jiji la Kharkiv lenyewe kama kilometa 30. Mei 10, 2024 Urusi ilivuka mpaka pale pale. Roketi za HIMARS za Marekani zinafika kama kilometa 80, yani Ukraine ilikua na silaha ya kuwafikia wale askari walipokua wanajikusanya upande wa pili, lakini masharti ya Marekani yalikua yanakataza kuitumia ndani ya Urusi. Ruhusa ya eneo lile la mpakani ilitoka mwishoni mwa Mei, Vovchansk ishaanza kugeuka kifusi. Mjomba aliangalia ule mstari wa kipimo muda mrefu, akasema "hapa sheria ilimlinda asiestahili." Kwa mtu kama yeye hilo ni neno zito.

Ila na yeye alinirudishia. Akasema sasa nenda Novemba 2024. Ruhusa ya kutumia makombora ya Marekani ya ATACMS ndani ya Urusi ikatoka, hayo yanafika mpaka kilometa 300, tarehe 19 yakapiga mkoa wa Bryansk, siku hiyohiyo Putin akasaini sera mpya ya nyuklia, na tarehe 21 kombora jipya la Urusi, Oreshnik, likapiga jiji la Dnipro ndani ya Ukraine. Akaniuliza, ramani ilisogea? Nikavuta tarehe mbele wiki kwa wiki. Haikusogea kwa sababu ya ATACMS. Eneo la mkoa wa Kursk ndani ya Urusi, ambako Ukraine iliingia Agosti 6, 2024, liliendelea kupungua mpaka mji wa Sudzha ukarudi mikononi mwa Urusi Machi 2025. Nilitaka sana aone kitu tofauti na sikua nacho. Silaha moja ikija imechelewa na ikija kidogo haigeuzi vita, hilo nililikubali, ingawa bado naamini neno kuchelewa ndo lenye uzito pale na tumeachia hapo mpaka leo.

Nachotaka kusema ni kwamba mjadala wetu ulitoka kwenye matusi ya heshima ukawa mjadala wa kilometa na tarehe. Ukisema wajizuie, onyesha wapi, kwa umbali gani, na nani atalipa kule chini. Ukisema wasijizuie, onyesha kilichobadilika baada ya kutojizuia.

Mapungufu. Ramani inaonyesha ardhi, na vita hii kwa sehemu kubwa iko angani na kwenye nyaya za umeme. Daraja linalounganisha Urusi na Crimea lililipuliwa Oktoba 8, 2022, siku mbili baadae makombora ya Urusi yakapiga Kyiv na miji mingine kibao, baridi nzima watu wakakaa gizani, lakini ukifungua ramani ya wiki ile unaona rangi zimetulia tu. Juni 1, 2025 droni za Ukraine zilitoka kwenye malori na kuchoma ndege za Urusi mpaka kambi ya Belaya kule Irkutsk, kilometa zaidi ya 4,000 kutoka Ukraine, moja ya siku kubwa za vita hii na mstari wa mbele haukusogea hata mita. Kwaiyo mtu anaefuata rangi tu anapitwa na nusu ya mambo.

Na rangi zina tabia ya kukudanganya moyo. Mji wa Bakhmut ulikua na watu kama 70,000 kabla ya vita, kwenye ramani ni kijidoa unakifunika na kidole gumba. Nilijikuta kipindi fulani nasema "wamepoteza kijiji kidogo tu" kama vile naongelea mchezo, mke wangu akaniuliza kidogo kwa nani, tangu siku hiyo kila jina jipya likigeuka nyekundu natafuta kwanza picha za pale kabla ya 2022, shule, soko, watu.

Usiitumie peke yake. Mi naiweka sambamba na ramani ya ISW, taasisi ya utafiti wa vita ya Washington, wao wanatenganisha maeneo wanayoamini Urusi imefika na maeneo ambayo Urusi inadai tu, na kila siku wanatoa ripoti ndefu yenye vyanzo. Ni ndefu kweli na Kiingereza chake kigumu, nasoma mwanzo alafu naruka mpaka sehemu ninayoifuata. Pia kuna FIRMS, ramani ya NASA inayoonyesha moto kwa satelaiti, nzuri ukitaka kujua kama kijiji kinachosemwa kinapigwa kinawaka kweli, ila kila alama ni eneo la mita 375 au zaidi kila upande na mawingu yakitanda haioni, na moto wa shamba la ngano ni moto pia. Vifaa vilivyoharibiwa angalia tovuti ya Oryx, wale wanahesabu kilichopigwa picha tu, kwaiyo namba yao ni ya chini kuliko ukweli na ndo maana naiamini.

DeepState naipa nyota nne na nusu kati ya tano, nusu nimeitoa kwa sababu ya umeme na anga.

Ukianza leo usianze na leo. Fungua kalenda ya ramani uirudishe Septemba 5, 2022, lenga mashariki ya Kharkiv, alafu sogeza siku moja moja uone Ukraine inavyokomboa miji yake. Tarehe 8 Balakliia, tarehe 10 Kupiansk na Izium. Ukimaliza hapo nenda Novemba 11 uangalie Kherson.