Datsun 240Z iliyoliwa na kutu: mafundi wa Kisumu na Nakuru wanaiweza?

Tuanze na hukumu, maelezo yafuate. Ukiwa na Datsun 240Z iliyooza sakafu, kazi ya bati ipeleke kwa mafundi wa jua kali wa Kibuye, Kisumu. Injini ipandishe kwenye pikapu hadi kwa wachongaji wa injini wa Nakuru. Rangi itafutie mtu wa tatu. Gereji inayokuahidi yote hayo chini ya paa moja ihoji sana kabla ya kutuma malipo ya kwanza kwa M-Pesa, maana anayechomelea akiwa ndiye pia anayepaka rangi, kosa la kwanza hufichwa na kazi ya pili.

Gari lenyewe linastahili taabu. Hii ndiyo Z iliyotwaa Safari Rally mwaka wa 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, ikarudia 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Na kwa kuwa gari lililopita miaka minane haliingizwi nchini kwa njia ya kawaida, tunategemea zile zilizomo humu humu, pamoja na ile iliyo nyuma ya nyumba ya mtu na kuku wametagia kwenye viti.

Kabla ya fundi yeyote, ijue Z inavyooza. Haina chesisi ya kusimama peke yake kama Land Rover. Bodi ndiyo chesisi, na kinachobeba uzito ni vyuma viwili vyenye uwazi ndani vinavyopita chini ya sakafu, vikishirikiana na vizingiti vya milango. Bati lake ni jembamba, karibu milimita 0.8 sehemu nyingi. Kutu huanzia chini ya kitako cha betri, ambako asidi hudondoka miaka yote. Hushuka kwenye chuma cha mbele kinachoshikilia mkono wa sasipensheni. Huingia kwenye mfereji wa maji chini ya kioo cha mbele. Kisha hula sakafu, vizingiti, ile kona ya bati iliyo mbele ya gurudumu la nyuma, na shimo la tairi la spea. Chukua sumaku uliyoifunga kitambaa chembamba na uipitishe kila mahali. Isiposhika, hapo pana puti, ule udongo wa kujazia mashimo ya bodi. Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia kama kopo, bati lililojazwa puti hulia kama ukuta wa udongo. Penye shaka sukuma ncha ya bisibisi. Mwenye gari akikukataza usisukume, umeshapata jibu.

Sasa kazi ya bati. Nyota nne kati ya tano, na nyota hizo ni za mikono, si za vifaa. Hakuna anayeuza kona ya nyuma ya Z Kisumu, kwa hiyo fundi huitengeneza. Hupima kwa katoni ya unga, hukata bati la geji 20, hulilaza kwenye gogo lililochimbwa bakuli na kulipiga kwa nyundo ya mviringo huku akilizungusha kidogo kidogo, halafu hulipeleka garini na kulirudisha gogoni mara sita, saba, mpaka mwanga usipite kati yake na bati la zamani. Ukimtazama hutaona rula. Kidole gumba ndicho kinachosoma mkunjo. Kazi hii ikitoka vizuri, haihitaji puti zaidi ya milimita moja au mbili.

Tatizo huja kwenye moto. Mashine ya arki yenye fimbo za geji 10 ni ya mageti na madirisha. Kwenye bati la milimita 0.8 hutoboa, fundi akaziba tundu kwa donge, donge likapasha bati, bati likajipinda. Uliza kama kuna mashine ya MIG yenye waya wa milimita 0.6 na mtungi wa gesi. Ikiwepo, sisitiza achomelee kwa nukta: nukta moja hapa, nyingine sentimita thelathini mbali, arudi baadaye bati likiwa limepoa kiasi cha kushikika. Mstari mrefu wa mara moja hupendeza macho na kuharibu ubapa. Gesi ya oksijeni na asetilini si mbaya mikononi mwa mzoefu, hasa kwenye kona zenye mkunjo, kwa sababu chomeleo lake ni laini na linapigika kwa nyundo likiwa la moto. Ila usikubali vyuma vya chini viungwe kwa shaba. Shaba haibebi mzigo wa sasipensheni, na unga wa kuungia usiposafishwa huanza kula chuma upya. Bati la mabati ya nyumba nalo likataliwe: zinki yake hutoa moshi wa sumu na kuacha chomeleo lenye vitundu kama sponji.

Mambo mawili yaandikwe kwenye karatasi kabla kazi haijaanza. La kwanza, kabla ya kukata kizingiti, milango itolewe na bomba la mraba la milimita 25 lichomelewe kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, pande zote mbili, na gari lisimamishwe kwenye stendi zilizo chini ya sehemu za sasipensheni. Upande mmoja umalizike ndipo wa pili ukatwe. Asiyefanya hivyo huona bodi ikilala katikati milimita chache tu, na milimita hizo ndizo hufanya mlango mpya usifunge mpaka uuinue kwa goti. La pili, hakuna bati jipya kuwekwa juu ya bovu. Kiraka juu ya kiraka huhifadhi maji katikati, na kwa unyevu wa ziwa, kutu hutokeza ng'ambo ya pili kabla hujamaliza kulipa deni. Vyuma vya chini vikunjwe upya kwa geji 16, vipakwe praima (rangi ya msingi) ya zinki ndani kabla ya kufungwa, na viachiwe matundu ya kutolea maji.

Kwa vipande vidogo, eneo hili lina neema ambayo Nairobi hawana karibu: molasi. Ukanda wa miwa wa Muhoroni na Chemelil huijaza maduka ya vyakula vya mifugo. Changanya sehemu moja ya molasi na tisa za maji kwenye pipa la plastiki, tumbukiza bawaba, mabano na kitako cha betri, uache wiki mbili hivi. Kutu huyeyuka, chuma kizima hubaki. Harufu ni mbaya na nzi watakuja, basi weka mbali na jikoni. Usitie aluminiamu, kabureta na kava ya valvu zitaliwa. Mwenye haraka atumie umeme: ndoo ya maji, kijiko cha magadi kwa kila lita nne, chaja ya betri ya volti 12, hasi kwenye kipande chenye kutu na chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida. Usitumie chuma cha pua, kinaacha sumu ndani ya maji, na ufanyie nje kwa sababu gesi inayotoka hulipuka. Magadi yale ya kupikia mrenda hufanya kazi, ila huwa na chumvi, kwa hiyo suuza mara mbili. Kisumu, chuma kilichosuuzwa asubuhi kina vumbi jekundu jioni. Kausha kwa moto na upake praima siku hiyo hiyo.

Rangi: nyota mbili, na ni kwa huruma. Ufundi wa bunduki upo, lakini maandalizi hurukwa. Kosa kubwa ni msasa wa maji juu ya puti. Puti hunyonya maji kama mkate. Fundi hupitisha kitambaa, huona pamekauka, hupuliza rangi. Gari hutoka liking'aa, na baada ya msimu mmoja wa mvua vipele vidogo hujitokeza juu ya kila mahali palipokuwa na puti. Mpangilio unaofaa ni huu: bati tupu lipigwe msasa namba 80, lipakwe praima ya epoksi, puti ije juu ya epoksi isizidi milimita tatu, isuguliwe kavu, ifunikwe kwa praima ya 2K (ile inayochanganywa na hadena, dawa ya kuikaza) siku hiyo hiyo. Msasa wa maji uje baadaye, juu ya praima iliyokomaa. Kama anatumia duko, rangi ya kukauka haraka, Kisumu apake hewa ikiwa kavu. Unyevu ukipanda, rangi hufanya ukungu mweupe. Ukichagua 2K, muulize barakoa yake. Hadena yake ina isosayaneti inayoharibu mapafu, na leso iliyofungwa puani haizuii kitu. Mpakaji rangi asiye na kifaa cha kupumulia usimpe 2K hata akiitaka mwenyewe. Kwa wanaotaka rangi ya kiwandani, namba 918 ni ya chungwa na 110 ni nyekundu.

Injini ndiko Nakuru inakoshinda: nyota nne na nusu. Wachongaji wa pale wamelelewa na trekta na malori, wana mashine za kupanua silinda, na hupima kwa maikromita bila kuambiwa. L24, injini ya gari hili, ni ya silinda sita, sentimita za ujazo 2,393, tundu la milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7. Nunua pistoni kwanza, ndipo silinda ichongwe kufuata pistoni, kamwe si kinyume. Silinda hedi ikiwa imepinda wataisawazisha, lakini sema wazi wakate kidogo iwezekanavyo: urefu wake wa asili ni milimita 108, na kila unapopungua kemushafti hushuka, cheni hulegea na taimingi huchelewa. Gia ya kemushafti ina matundu matatu ya kurekebishia hilo; ukipita hapo, minara ya kemushafti inahitaji shimu, vibati vyembamba vya kuiinua.

Nusu nyota imekatwa kwa jambo ambalo fundi wa malori asiyeijua injini hii hulikosea. Anapotoa gia ya kemushafti ili anyanyue hedi, cheni hulegea na kitensha (kikaza cheni) kilicho ndani huruka nje. Kukirudisha ni lazima ufungue kava yote ya mbele. Dawa yake ni kabari ya mti yenye kamba, iliyochongwa nyembamba kama ulimi, ikisukumwa chini katikati ya cheni kabla boliti ya gia haijaguswa. Mpelekee kabari hiyo pamoja na injini. Atacheka, kisha ataitumia. Nafasi za valvu ziwekwe injini ikiwa moto: milimita 0.25 za kuingiza, 0.30 za kutoa moshi.

Kabureta mbili za Hitachi anza kwa kufunga nati ya chini mpaka juu kabisa, kisha uishushe mizunguko miwili na nusu. Hapo ni mwanzo tu. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari na Kisumu 1,130, kwa hiyo Z iliyowekwa vizuri Kisumu itakula petroli nyingi na kutia plagi masizi ikifika Nakuru. Irekebishie unakoishi.

Katika kuboresha gari, usianze na nguvu za injini. Anza na breki, na hapa vibanda vya spea vya Kisumu na Nakuru vina hazina: kalipa (vibano vya breki) za pistoni nne za Toyota Hilux ya 4x4 ya 1979 hadi 1985, zile zenye maandishi S12+8. Huingia kwenye diski ya kawaida ya 240Z kwa matundu yale yale ya boliti, ukikata kidogo bati la kuzuia vumbi. Zenye herufi W mwishoni ni pana, hazitoshi bila diski nene. Rimu za inchi 14 nyingine hugusa, za 15 hupita. Kalipa hizo zikishafungwa, pedali hushuka zaidi, kwa hiyo wengi hubadilisha masta ya breki ya inchi 7/8 kwa ile ya 15/16 ya Datsun 280ZX. Fundi atakwambia kalipa za mtumba ni nzima. Nunua sili mpya hata hivyo, ukague pistoni kama zina vishimo vya kutu.

Umeme ni mfupi: taa za mbele hupitisha mkondo wote kwenye swichi ya usukani, na swichi hiyo huyeyuka. Relei (swichi za umeme) mbili za kawaida na waya mnene kutoka betri humaliza ugonjwa huo kwa saa mbili. Ukibadilisha injini au rangi, peleka mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, yaingie kwenye stakabadhi ya gari, kwa sababu namba ya injini isiyolingana hukwamisha mauzo.

Malipo gawa mara nne: gari likishafunguliwa, bati likiwa tupu na umelikagua kabla ya tone la puti, praima ikishapakwa, na la mwisho baada ya maji. Chukua jagi la lita tano, mimina polepole kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, upande mmoja kisha wa pili. Maji yatoke nyuma ya magurudumu ya mbele. Kisha ingia ndani, nyanyua zulia na ushike sakafu kwa kiganja. Pakiwa na unyevu, acha funguo hapo hapo na simu ibaki mfukoni.