Mtaalamu wa saikolojia aliyebadili tiba tukiwa katikati ya ngazi

Naandika nikiwa bado nimekasirika, mnivumilie. Jina lake silitaji. Nyota nitatoa mwishoni, maana tangu nianze kuandika nimeshazibadilisha mara mbili.

Shida iliyonipeleka ni mashambulio ya hofu, yale ya moyo kwenda mbio na kifua kubana mpaka mtu anaamini kabisa kwamba anakufa. Na nikiri, mwanzo wake ulikuwa mzuri kweli. Tulianza na tiba ya fikra na tabia, ile iliyoasisiwa na Aaron Beck miaka ya 1960, na jedwali la mawazo likajazwa inavyotakiwa: tukio, hisia na ukali wake kuanzia 0 hadi 100, wazo lililozuka, ushahidi wa kuliunga mkono, ushahidi wa kulipinga, wazo lililopimwa, kisha hisia inapewa alama upya. Wengi huharibu pale kwenye wazo. Wanaandika "Je, nikizimia?" Swali huwezi kulitafutia ushahidi. Linageuzwa kauli, "Nitazimia," ndipo linapimika. Kosa hilo aliliona papo hapo, akalisahihisha bila kumfanya mtu ajione mjinga.

Baadaye yakaja mazoezi ya mwili. Kuhema kwa nguvu dakika moja. Kuvuta pumzi kwa mrija mwembamba huku pua imebanwa. Kuzungushwa kwenye kiti. Hapo hakuna anayetafuta utulivu: dalili zinaitwa makusudi, ili ubongo uone zinakuja, zinapanda, zinashuka, na hakuna aliyekufa. Kabla ya zoezi unaandika unachotabiri kitatokea, baada ya zoezi unaandika kilichotokea. Bila hiyo karatasi, zoezi ni mateso ya bure tu. Kinacholiharibu zaidi ni vile vitu vya kujihami: chupa ya maji mkononi, kidonge mfukoni, kusimama karibu na mlango. Ukitoka salama, sifa zote zinakwenda kwa chupa.

Ngazi yetu ya hofu, yaani orodha ya hali zinazotisha kuanzia nyepesi hadi nzito, ilikuwa na vidato kumi. Tukafika cha tano, lifti, peke yako, bila chupa. Alama za wasiwasi kwenye GAD-7, fomu ya 0 hadi 21, zilikuwa zimeshuka kutoka 16 hadi 9. Halafu kikao kimoja, kama cha saba au cha nane, ngazi ikawekwa kando. Mtaalamu alikuwa ametoka kwenye mafunzo, alisema mwenyewe na uso umemchangamka, na kuanzia siku hiyo dalili zikianza ni kupumua taratibu kwa tumbo mpaka zitulie.

Kupumua kwa tumbo sina ugomvi nako. Lakini kuingiza pumzi hiyo hapo ni kujenga kwa mkono wa kulia na kubomoa kwa wa kushoto. Wiki iliyopita dalili hazina madhara, ziache zipite; wiki hii zizime haraka. Kama hazina madhara, zizimwe za nini? Ile pumzi inageuka chupa ya maji, tena chupa usiyoweza kuisahau nyumbani. Na ngazi ikiachwa hofu ikiwa bado juu, somo linalobaki kichwani ni kwamba kukwepa ndiko kulikookoa.

Nikauliza kwa nini tunabadilisha. Jibu nililopewa: "Huo ni ukinzani."

Ukinzani! Yaani eti mteja anaipinga tiba yake mwenyewe. Mtu anauliza safari yake inaelekea wapi, anapewa jina la ugonjwa. Neno hilo limo katika fani tangu Freud, sawa, na kuna mahali linapofaa. Ila hata Miller na Rollnick, walioasisi mahojiano ya kuhamasisha, yale ya kumsaidia mtu azitaje mwenyewe sababu za kubadilika, waliishia kuliweka kando, kwa sababu lilichanganya mambo mawili: mteja anayetetea hali yake ilivyo, na mteja aliyekwaruzana na mtaalamu. Mimi nilikuwa huyo wa pili. Mtafiti wa tiba, Edward Bordin, aliandika mwaka 1979 kwamba uhusiano wa tiba unasimama juu ya kukubaliana lengo, kukubaliana kazi, na kuaminiana. Kazi ilibadilishwa bila makubaliano, kisha aliyeuliza ndiye akawa tatizo. Nyota moja. Na hiyo ni ya kile kiti.

Wala sisemi mtaalamu asikue. Alama zisiposogea vikao vinne, vitano, asipobadilisha ndipo ningeandika kwa hasira zaidi. Lakini anasema anachokiacha, anachokileta, sababu yake, tutapima kwa kipimo gani na baada ya vikao vingapi, na mteja ana haki ya kukataa. Hapa fomu zilikuwa zinajazwa kila mara na kuingia kwenye faili bila kusomwa. Vikao viwili baada ya mabadiliko, alama zikapanda hadi 13.

Sasa linalonikera: kikao kilichofuata nilikwenda kuaga. Sijakaa vizuri, akaanza yeye. "Neno nililokuambia lilikuwa utetezi wangu. Swali lako lilikuwa halali." Fomu zote alikuwa amezipanga mezani kwa tarehe, na kidole chake kikaenda pale alama zilipogeuka. Tukakubaliana kwa maandishi: pumzi za tumbo zinaondoka kwenye ngazi, tunaanzia kidato cha tatu, kila kidato kinarudiwa mpaka utabiri wa "nitazimia" ushindwe mara kadhaa, na lolote jipya linajadiliwa kikao kizima kabla ya kuanza. Mtafiti Jeremy Safran na wenzake walitumia miaka mingi kuchunguza ukarabati wa namna hii, wa uhusiano wa mtaalamu na mteja uliopata ufa, na lazima nikubali kwamba aliufanya vizuri kuliko nilivyotaka aufanye. Nilikwenda na hotuba, nikarudi nayo.

Basi nne. Hapana, tatu, fomu zile zilipaswa kusomwa kabla ya mafunzo, si baada ya mteja kununa. Tatu na nusu, na kidato cha tano bado hatujakirudia. Nikipanda ile lifti mikono mitupu, nitarudi kurekebisha.