Saiklokrosi ya mtumba kwenye barabara za Dar: maoni yangu baada ya masika na kiangazi

Wakuu, kama unaishi Dar na bajeti yako ni ya baiskeli moja tu, ile ya kukutoa Goba mpaka Posta kazini katikati ya wiki halafu Jumapili ikupeleke kula vumbi Mabwepande, tafuta saiklokrosi. Ya kwangu nimeipitisha masika na kiangazi, kwenye lami, kwenye mchanga, kwenye matope ya kule ndani ndani ambako hata bodaboda anakwambia shuka kwanza nivuke, na msimamo wangu ni huo. Resi inateseka kwenye mashimo, mauntein ni nzito inakuchosha kwenye lami, hii inafanya kazi zote mbili na inazifanya vizuri. Kasoro inayo, tena moja kubwa, nitaieleza kwa kirefu huko chini maana ndo itakayoamua ununue ipi.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, kwa mbali utasema ni resi tu, usukani umepinda kama pembe za beberu, rimu kubwa, fremu nyembamba. Sogea karibu sasa. Angalia pale tairi inapopita kwenye foku na kule nyuma karibu na pedeli, pana nafasi kidole kinapita pande zote, tope linazunguka na tairi linadondoka, halijazani mpaka gurudumu likagoma. Waya za gia na breki zimepita juu ya bomba la juu, hazijashuka kule chini ya pedeli ambako resi nyingi zinakusanyia mchanga. Na hilo bomba la juu ukilipapasa kwa chini, nyingi zimesawazishwa, halikukati bega ukiibeba.

Hayo yote yametokana na mchezo wenyewe. Mashindano ya saiklokrosi kwa wale wakubwa yanachukua kama saa moja, mnazunguka raundi fupi ya kilomita tatu hivi kwenye tope, nyasi na mchanga, kuna mbao zimesimamishwa njiani hazizidi sentimita 40, unashuka unaziruka na baiskeli mkononi, na kuna vipando vingine unaitia begani unakimbia nayo. Wafaransa ndo walioanza, ubingwa wao wa taifa wa kwanza ulikuwa 1902, ubingwa wa dunia ukaanza 1950 pale Paris, ila sa hivi wababe ni Wabelgiji na Waholanzi na msimu wao ni kwenye baridi. Kuna kozi moja iko Koksijde, mji wa pwani huko Ubelgiji, wanapitishwa kwenye vilima vya mchanga wa bahari, ukiangalia wanavyohangaika pale utaikumbuka Kigamboni moja kwa moja.

Yangu ni fremu ya alminiamu, foku ya kaboni, saizi 54, mbele meno 46 na 36, nyuma 11 mpaka 28. Niliitoa kwa muuzaji wa mtumba maeneo ya Ilala, stika zote zimebanduliwa kwaiyo mambo ya chapa tuyaache. Alianzia milioni na laki mbili, tukavutana weee, nikaondoka nayo kwa laki nane, na hapo tairi zilikuwa zimekauka zimepasuka pembeni, hizo nilishazipigia hesabu kwenye bei.

Kwenye lami haina maneno. Inakimbia, siyo kama resi yenyewe lakini tofauti ni ndogo, na ile tofauti unailipa ukifika kwenye rasta za kabla ya tuta, zile zinazokutetemesha mpaka meno, maana tairi ya milimita 33 ukiitia upepo wa kiasi inazimeza hizo rasta wala huhangaiki. Daladala ikikubana unapanda ukingo unahamia kwenye vumbi la pembeni, unaendelea na safari. Hiyo 33 kwa wasiojua ndo mwisho wa upana wa tairi kwenye mashindano, sheria ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, ila sisi hapa hakuna anayekuja kutupima, fremu ikiruhusu weka 38 au hata 40, mimi nimeweka 38 na ndo imekuwa baiskeli nyingine kabisa.

Mchanga ndo mtihani na siri yote iko kwenye upepo. Mimi nina kilo 75 hivi natia psi 35. Ukizidisha tairi inakata mchanga inazama, ukipunguza mno tyubu inabanwa kati ya tairi na rimu unapata pancha ya tundu mbili zilizokaa sambamba, kwaiyo ukiona tundu mbili usimlaumu mwiba, ongeza upepo. Unaingia mchangani na gia nzito kidogo, unakaa nyuma, mikono unailegeza, na miguu haiachi kukanyaga hata kidogo, kwa sababu ukisimama katikati kuondoka tena ni shughuli. Ufukweni subiri maji yatoke, hasa siku za bamvua, ule mchanga wa chini uliolowa unakuwa mgumu unapita kwa raha mno, aisee asubuhi kuanzia Mjimwema kwenda kusini hamna kitu kizuri kama hicho. Ila ukirudi nyumbani usiiegeshe hivihivi, maji ya bomba kwanza, futa cheni, oili, ndo uende kuoga wewe.

Sasa hiyo kasoro. Breki za kantileva. Ni vile vimikono viwili vilivyotokeza pembeni ya tairi, vinavutwa kwa juu na waya mmoja, raba zinabana rimu. Kwenye mashindano walizipenda kwa sababu zinaacha nafasi kubwa ya tope kupita, na kule porini hamna bajaji inayogeuza ghafla mbele yako. Huku ipo. Mvua ikinyesha raba na rimu zikalowa, unavuta breki na baiskeli inaendelea kwenda, mpaka rimu izunguke maji yafutike ndo inaanza kukamata, na kwenye mteremko wa Pugu hiyo sekunde moja ni ndefu sana. Halafu ikikamata, ile ya mbele foku inatetemeka mpaka usukani unataka kukutoka mkononi. Wengi wanadhani beringi za shingo zimelegea, wanakaza wee hamna kitu. Sababu ni kwamba waya umeshikiliwa juu kabisa pale kwenye shingo ya usukani, sasa ukibana breki foku inapinda kidogo kurudi nyuma, ule waya unajivuta wenyewe breki inabana zaidi, foku inarudi mbele waya unaachia, inapinda tena, hivyo hivyo kwa kasi ndo mtetemo wenyewe.

Dawa zipo mbili. Ya kwanza unahamisha kile kishikio cha waya kutoka kwenye shingo unakifunga chini pale juu ya tairi kwenye foku yenyewe, kama ina tundu, waya unakuwa mfupi na mtetemo unapungua sana. Ya pili, ambayo ndo niliyofanya, unatoa kantileva unafunga V-breki, nazo zinabana rimu ila waya unavuta mikono kwa pembeni, lakini siyo zile za mauntein za kawaida, nyie mniamini kwenye hili, zile mikono yake ni mirefu zinataka waya uvutwe mwingi kuliko mkono wa breki wa resi unavyoweza, utavuta mpaka uguse usukani na bado unaenda. Tafuta fupi, mkono wa milimita 80 au 90. Tangu nizifunge kwenye mkavu nasimama vizuri kabisa. Kwenye mvua bado ni breki ya rimu, na mchanga wa Dar ukichanganyika na maji unaikwangua rimu, uwe unaipapasa, ukisikia imeingia ndani kama kibonde ujue inaisha na inaweza kupasuka.

Kwaiyo ukikuta yenye diski, yaani breki inayobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu badala ya rimu, na yenye kantileva zimekaa pamoja, chukua diski hata kama inabidi uongeze laki na nusu. UCI waliruhusu diski kwenye saiklokrosi mwaka 2010, kwaiyo zile za kabla ya hapo karibu zote utazikuta na kantileva, za miaka ya baadaye ndo utazikuta na diski. Na diski yenyewe tafuta ya waya. Ya oili inakamata vizuri zaidi sikatai, lakini ikiingia hewa siku ya safari utatafuta fundi mpaka uchoke, wakati waya wa breki unaupata kwenye kibanda chochote cha fundi baiskeli.

Jumapili tunakutanaga wachache, tukimaliza mzunguko baiskeli zote zinaegeshwa ukutani pale kwenye supu na chapati Tegeta, na hapo ndo kila mtu anaisifia ya kwake. Kuna mzee wetu mmoja ana Surly Cross-Check ya chuma, rangi imechubuka kila mahali na ndo baiskeli inayotazamwa kuliko zote. Wiki iliyopita kaja nayo haina gia.

"Shikamoo mzee, gia umezipeleka wapi?"

"Marahaba. Nimezitoa. Mchanga unazila tu, bora nibaki na cheni moja niione."

Na anaweza kufanya hivyo kwa sababu ile fremu kule nyuma sehemu ya kukaa ekseli ni ndefu imelala, unasogeza gurudumu nyuma mpaka cheni ikaze, haihitaji kifaa kingine chochote. Kitu kingine ambacho mimi nakitamani kwake, upana wa nyuma ni milimita 132.5, katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya resi ya 130 na ya mauntein ya 135, kwaiyo zote mbili zinaingia. Kwa mji kama huu ambao magurudumu tunayaokoteza kwenye kontena bila kuchagua, hiyo ni akili kubwa mno. Tairi za 42 zinaingia bila kugusa. Tatizo la chuma ni kutu, hewa yetu ina chumvi, mzee kila mwaka anachomoa siti anamwagia oili ndani ya mabomba anaigeuzageuza. Ukiwa mvivu wa hilo chukua alminiamu.

Dada mmoja wa kundini ana Cannondale CAADX, alminiamu, diski za waya, na huyu ndo anayefuatilia mashindano kuliko sisi wote, mtaje Marianne Vos, yule mwanamke wa Uholanzi, atakuhesabia ubingwa wake wa dunia wa saiklokrosi wote 8 na miaka yake. Nilipomsifia V-breki zangu akanijibu tu, "Kaka, mvua ikinyesha njoo tushuke wote Pugu tuone nani anasimama pale anapotaka." Sikuwa na la kumjibu kwa sababu ana haki, nimeiendesha ile baiskeli yake, unagusa kwa kidole kimoja inatulia. Kama ingekuwa inauzwa ningeichukua leo.

Kuna kijana pia anaulizaga kama resi yake ataweka tairi pana iwe saiklokrosi. Mdogo wangu, haiwezekani, resi nyingi za zamani ikifika 28 tairi inakwaruza fremu.

Tairi zenyewe sasa, hapa watu wanapoteza hela. Saiklokrosi inatumia 700C, kipenyo cha kukalia tairi kwenye rimu ni milimita 622, ni sawasawa na mauntein ya inchi 29, kwaiyo tairi nyembamba ya 29 inakaa kama fremu ina nafasi. Ukienda Kariakoo ukasema nataka ishirini na nane, unaweza kupewa ya Phoenix, ile ya 28 kwa 1½, hiyo ni 635, haikai kwenye rimu yako hata uivute na nani. Soma ubavuni mwa tairi pameandikwa namba, ukiona 622 lipa, ukiona 635 rudisha.

Jambo lingine la huku kwetu ni maji ya kunywa. Baadhi ya zile za mashindano zimetengenezwa bila tundu za kufungia kishikio cha chupa, au lipo la chupa moja tu, maana wenzetu wanakimbia saa moja kwenye baridi na bega linahitaji nafasi ya kuingia pale katikati ya fremu. Sisi saa tatu asubuhi jua lishawaka. Ukiikuta haina tundu utabeba chupa mgongoni kila siku, mimi nisingeinunua. Tundu za keria na madigadi nazo angalia kama unaendea kazini, bila madigadi masika utafika ofisini na mstari wa tope mgongoni.

Siku ya kununua nenda na spana ya allen namba 5, legeza siti uchomoe bomba lake lote nje. Zilizokaa muda mrefu kwenye unyevu wa chumvi lile bomba linaganda ndani ya fremu, hasa alminiamu ndani ya chuma, na fundi akianza kuligonga ndo anaipasua. Likitoka, ingiza tochi ya simu uone kutu ndani, paka grisi, rudishia. Likigoma mwachie muuzaji baiskeli yake, hata kama ameshuka mpaka laki tatu.