Tahadhari: Sabufa za "5.1" zinazouzwa bila 5.1 ndani yake

Ndugu zangu, nawaandikia wote mnaojiandaa kununua sabufa ya spika tano, ile inayouzwa kwa jina la homu thieta, ili muiunganishe na deki ya DVD nyumbani. Sisi mafundi tunaletewa seti hizi mara kwa mara na wateja wenye lalamiko lile lile: spika zote zinalia, lakini zote zinatoa sauti moja, na waya wa dijitali uliochomekwa kwenye deki hauleti chochote. Wengi huja wakidhani kwamba wamekosea kuunganisha, na wengine wameshanunua waya mpya hata mara ya pili, ilhali kasoro haipo kwenye waya wala kwenye mikono yao. Wameuziwa chombo cha stirio, yaani cha njia mbili tu za sauti, kilichovalishwa umbo la 5.1.

Ili udanganyifu huu ueleweke, ni lazima kujua kinachopaswa kuwamo. Seti ya 5.1 ina njia sita za sauti zinazojitegemea: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia, na ya sita ya besi peke yake, ambayo ndiyo hiyo ".1". Katika diski ya DVD njia hizo hufungwa pamoja kwa mfumo wa Dolby Digital au DTS, kwa hiyo ni lazima pawepo saketi ya kuzifumbua, ama ndani ya deki, ama ndani ya sabufa. Deki inayofumbua yenyewe huwa na matundu sita ya sauti nyuma yake, na kila tundu huenda kwenye spika yake. Deki isiyofumbua hupeleka sauti ikiwa bado imefungwa, kupitia tundu la koaxia, ambalo mara nyingi huwa la rangi ya chungwa, au kupitia tundu la optiko, linalopeleka sauti kwa mwanga, na sabufa ndiyo inayomalizia kazi. Ule waya wa AV tuliouzoea hubeba njia mbili tu za sauti, nyeupe ya kushoto na nyekundu ya kulia, na pini yake ya njano ni ya picha. Basi mtu akikuambia kwamba utapata sauti sita kamili za diski kwa kuchomeka nyekundu na nyeupe, anakudanganya.

Seti nilizozifungua mimi zina saketi ndogo ya amplifaya ya stirio, kisha waya za spika za nyuma zimeungwa kwenye njia zile zile za mbele, na spika ya katikati imepewa mchanganyiko wa pande zote mbili. Katika baadhi yake tundu la optiko ni plastiki tupu isiyo na kitu nyuma yake. Katika nyingine, yale matundu sita yaliyoandikwa "5.1" yameunganishwa pamoja kwa ndani, kiasi kwamba ukichomeka lolote spika zote zinalia. Hata spika zenyewe zina udanganyifu wake: kwa mbele unaona duara tatu zinazong'aa, lakini ukifungua kasha unakuta spika moja tu yenye waya, na zile mbili nyingine ni pambo. Hili la pambo linaniudhi kuliko yote, kwa sababu haliwezi kutokea kwa bahati mbaya. Kuna mtu aliyekaa akalipanga.

Mauzo hufanyika kwa namna inayofanana. Winga, yaani mtu anayewatafutia maduka wateja, anakudaka mtaani Kariakoo, anakupeleka dukani, na muuzaji anachomeka flashi yenye muziki wa besi nzito, anafungua sauti hadi mwisho, na wewe unasikia spika zote tano zikilia kwa nguvu. Jaribio hilo halithibitishi lolote, kwa kuwa muziki wa kawaida wa flashi ni wa stirio, na kusikia spika zote zikilia hakukuonyeshi kama kila moja ina njia yake.

Kwa hiyo msikubali jaribio la flashi. Nendeni na deki yenu, waya zenu, na diski halisi ya filamu ambayo jalada lake limeandikwa Dolby Digital 5.1, kwa maana zile diski za barabarani zenye filamu nyingi ndani ya diski moja mara nyingi huwa na sauti ya stirio tu. Kama sabufa ina matundu sita, chomeka pini moja tu katika tundu la nyuma kushoto na usikilize: inapaswa kulia spika hiyo peke yake, na zikilia zote, umeshapata jibu. Kama ni optiko, hakikisha kwamba ncha ya waya uliotoka kwenye deki inaonyesha mwanga mwekundu, kisha ichomeke na uchague optiko kwa rimoti. Mwanga ukiwepo, mipangilio ya deki ikiwa sahihi, na sauti isitoke, usikubali kuambiwa kwamba waya ni mbovu.

Hapa napenda tuwatendee haki wauzaji waaminifu, kwa sababu wapo, na kuna hali ambazo kosa si la sabufa. Deki nyingi za bei nafuu zina mpangilio wa sauti wenye machaguo ya SPDIF Off, PCM na RAW, na SPDIF ni jina la hilo tundu la dijitali. Ukiacha Off, tundu la dijitali halitoi kitu. Ukichagua PCM, unapata stirio. Ni RAW ndiyo inayopeleka sauti ikiwa imefungwa, tayari kufumbuliwa na sabufa. Vilevile, kwa deki yenye matundu sita, mpangilio wa "Downmix", unaokusanya njia nyingi kuwa chache, ukibaki kwenye Stereo, spika za nyuma hazitapata kilicho chao. Rekebisha hayo kwanza, kisha ndipo umhukumu mtu.

Kuhusu nguvu, msiyaamini maandishi makubwa ya kwenye kasha. Namba za PMPO, yaani zile za nguvu ya kilele cha muda mfupi, hazina kipimo kilichokubalika, na kila mtengenezaji huandika anachotaka. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13, ambayo kwa umeme wa volti 230 hufikia takriban wati 3,000, sasa sabufa iliyoandikwa wati 12,000 inaupata wapi umeme huo? Soma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme inaoutumia. Kikisema wati 60, basi sauti yake endelevu haiwezi kufika hata hizo 60.

Kabla ya kulipa, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na umwombe muuzaji aandike kwa mkono wake, kwenye karatasi yenye mhuri wa duka, kwamba chombo ni cha 5.1 na kwamba kinafumbua Dolby Digital. Muuzaji wa kweli hatasita. Ile kauli ya "mali ikishauzwa hairudishwi" isikutishe, kwani Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Duka likikataa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, na kama chombo kinapata moto kupita kiasi au kinapiga shoti, waarifu pia Shirika la Viwango Tanzania. Wakati wa kwenda, chukua risiti, karatasi ya muuzaji, chombo chenyewe, na kasha lake likiwa zima, maana ahadi ya 5.1 mara nyingi imechapishwa juu ya kasha hilo, na watu wengi hulitupa siku ile ile ya kununua.