Skana ya elfu 85, miezi minne kaunta ya Mwanga

Duka langu liko Mwanga, Kigoma, karibu na soko. Nauza sabuni, biskuti, juisi, mawese ya chupa. Nilipochoka na daftari nilishuka mjini nikanunua skana ya mkononi isiyo na waya, ya kusomea ile mistari iliyochapwa kwenye paketi za bidhaa, shilingi 85,000.

Muuzaji alianza kunionyesha kitu kingine kabisa: kama simu nene, kina skrini, kinaingia laini, na kwenye kichwa kina jicho la kusomea mistari. Akakiita skana. Bei milioni na ushee. Nikamwambia, kaka, niliwahi kuwa karani wa ghala, hiyo ni kompyuta ya mkononi, inamfaa anayezunguka na mzigo. Skana yenyewe haitunzi bei wala jina la bidhaa; inasoma namba na kuipeleka kwenye kompyuta, basi. Akacheka, akaishusha hii yangu kutoka rafuni.

Siku ya kwanza nusura niirudishe. Kompyuta yangu ni mtumba uliotokea Bujumbura. Nikamulika paketi ya biskuti, tiii, nikategemea 620, namba zinazoanzia bidhaa za kampuni zilizojisajili Tanzania. Kwenye skrini ikaja -éà na mkia wa takataka. Nikamulika sabuni, yale yale. Nilikuwa nimeshaifungasha kwenye boksi nikamgombeze yule kaka, mpwa wangu akaniambia, shangazi, ngoja kwanza. Kumbe skana hujifanya kibodi, hubonyeza namba kama kidole, na kompyuta ilikuwa bado inaamini kibodi yake ni ya Kifaransa, ambako ukibonyeza namba bila shifti unapata alama. Akabadili lugha ya kibodi, dakika mbili. Kijitabu kina jina la Kiingereza la jambo hili, wedge. Ukilifasiri linatoka kabari, kama ya kupasulia kuni. Nani angejua?

Kwa maneno hatujakubaliana hata dukani. Vitabuni ni msimbo pau, mpwa anasema bakodi, mimi nasema mistari. Mzee mmoja alimsikia kijana akisema "weka bakodi hapa", akarudisha sabuni kaunta: "Kodi gani tena hii?"

Kusoma inasoma vizuri. Paketi ikikunjamana inanyamaza, na napenda inavyonyamaza: namba ya bidhaa ina tarakimu 13, na ya 13 ni ya kuhakiki zile 12 za mbele, hesabu isipokaa skana haitoi namba. Heri hivyo kuliko kuniuzia juisi kwa bei ya kiberiti. Boksi limeandikwa IP54, kipimo cha kinga. 5 ni ya vumbi, 4 ni ya maji ya kurukia. Vumbi letu jekundu linaishia kwenye kioo, nafuta kwa kitambaa asubuhi. Chaji inanifikisha jioni.

Iliyonishinda ni sabuni ya mama mmoja wa Ujiji. Mistari yake ilichapwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi nyeupe, inapendeza kweli. Skana kimya. Nikaisogeza, nikaiinamisha, kimya. Taa ya skana nayo ni nyekundu, na kwenye mwanga mwekundu wino mwekundu unarudisha mwanga sawa na karatasi, kwa hiyo kwake hapo hakuna mistari, pameupe tu. Nikamweleza mama, akaniangalia kama namtania. Mzigo uliofuata ulikuja na mistari myeusi, ukasomeka mara ya kwanza.

Kosa langu mwenyewe: nilichukua ya leza, inayosoma mistari peke yake. Ile ya miraba, kyuaa (QR), haiijui, na mistari iliyo kwenye skrini ya simu haiisomi. Ya kamera inasoma vyote. Niliambiwa bei yake inazidi kidogo, nikabana hela.

Nyota tatu na nusu. Mpwa anasema nne, lakini yeye hakulipa.