Duka la jezi za vyuo vikuu, Darajani

Katika uchochoro mmoja karibu na soko la Darajani, mjini Unguja, lipo duka dogo la mitumba ambalo mwenyewe huzipanga jezi za vyuo vikuu vya Marekani kwa kufuata mashirikisho yao ya michezo, na sijaona muuzaji mwingine anayeijua bidhaa yake kiasi hicho. Ukuta mzima ameuachia Big Ten, shirikisho lililoasisiwa Chicago mwaka 1896 na vyuo saba vilivyotaka kanuni za pamoja. Jina, lenye maana ya Kumi Kubwa, halikubadilika ingawa wanachama sasa ni 18, baada ya vyuo vya Oregon, Washington, USC na UCLA kuingia mwaka 2024, na wametapakaa kutoka pwani ya Atlantiki hadi ya Pasifiki. Upana huo niliuelewa vyema pale nilipoiona jezi ya Rutgers, chuo cha New Jersey upande wa Atlantiki, ubavuni mwa ile ya UCLA, chuo cha Los Angeles upande wa Pasifiki kilichotwaa ubingwa wa taifa wa mpira wa kikapu wa wanaume mara 10 kati ya 1964 na 1975 chini ya kocha John Wooden.

Nilinunua ya Michigan kwa shilingi 12,000. Kitambaa ni kizito kwa joto letu la kaskazi, lakini mishono ni imara na herufi hazikubanduka baada ya kufuliwa mara nne. Bei imezidi kidogo ile ya mitumba ya kawaida. Naiona ni ya haki, kwani jezi yenye tundu au doa mwenyewe hukuonesha kabla hujauliza. Ndani mna kiza, hivyo ni bora kwenda asubuhi.